USHURU NA MALIPO YA VIFURUSHI VINAVYOTOKA NCHI ZA NJE KWA NJIA YA POSTA

(Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)




Katika kauta za Posta, Unguja na Pemba na kwengineko nchini, swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: kwa nini mtu alipe kodi kwa zawadi aliyopelekewa na ndugu yake? Swali hilo ni la haki. Lakini karani aliyeko kwenye kauta hana jawabu lake, kwa sababu si yeye aliyekadiria malipo hayo. Jawabu, kwa sehemu kubwa, limo katika karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya kifurushi siku kilipopelekwa, pengine Maskati, pengine London, pengine Toronto. Karatasi hiyo huandikwa na mpelekaji, aghalabu kwa haraka, naye mpokeaji haioni mpaka siku anapoitwa kulipa. Maelezo haya yanahusu karatasi hiyo, fedha zinazotokana nayo, na haki alizonazo mwenye kulipa.

Ili jambo lieleweke, na uchukuliwe mfano wa kifurushi kimoja. Mwalimu mzaliwa wa Wete anafundisha skuli katika kata ya Ngulyati, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, ule mkoa uliokatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Mwalimu huyo ana ugonjwa wa kisukari. Dada yake aliyeko Maskati anamtilia katika boksi moja nguo mpya za mkewe na watoto, vitabu vya hesabu na fizikia, kifaa cha kupimia sukari pamoja na vijiti vyake, na dawa za miezi mitatu. Juu ya fomu anaandika maneno mawili: "zawadi", na mbele ya thamani "hakuna". Anaamini amemfanyia kaka yake wema.

Mfano huu ni wa kutungwa, lakini kila sehemu yake hutokea. Ngulyati imechaguliwa kwa sababu kosa la karatasi ambalo kwa mkaazi wa Mjini Unguja humalizwa kwa kurudi Posta mara ya pili, kwa mtu aliyeko Usukumani, maelfu ya hatua kutoka Dar es Salaam ambako vifurushi vingi vya nje hupokelewa, huwa ni safari, ni siku za kazi zilizopotea, na pengine ni dawa iliyoharibika. Na watu wa Visiwani wanaofanya kazi Bara, pamoja na jamaa zao, si wachache.

Kwanza inapasa kutenganisha taasisi mbili ambazo wananchi huzichanganya. Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi Januari 1994 baada ya Shirika la Posta na Simu kugawanywa, ni mchukuzi. Kazi yake ni kupokea, kutunza na kufikisha. Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996, ndiyo yenye Idara ya Forodha, na ofisa wa forodha ndiye mwenye mamlaka ya kukifungua kifurushi, kukikagua na kukikadiria. Posta haiwezi kupunguza ushuru hata kwa senti moja, na Forodha haina dhamana ya kukifikisha kifurushi Bariadi. Mwananchi anayekwenda kumgombeza karani wa Posta kwa ajili ya kiwango cha ushuru amekwenda mlango usiokuwa wake, ijapokuwa ni kweli kwamba mlango huo ndio pekee anaouona.

Kutoza mzigo unaoshuka si jambo geni kwa Wazanzibari. Jina la Forodhani, pale mbele ya Ngome Kongwe, lenyewe linasema. Katika mkataba uliotiwa saini mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, kiwango kilikuwa asilimia 5 ya bidhaa zitakazoshushwa, na ukusanyaji wake ukikodishwa kwa mfanyabiashara, ambaye kwa miaka mingi alikuwa Jairam Shivji na nyumba yake. Mkodishaji alilipa fedha maalumu kwa mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Tofauti kubwa ya leo ni kwamba kila kiwango kimeandikwa katika sheria na kila malipo yanatakiwa yawe na stakabadhi, kwa hivyo mlipaji ana mahali pa kuuliza. Mfanyabiashara wa 1840 hakuwa na mahali hapo.

Kwa upande wa posta, mataifa yalikubaliana Bern, Uswisi, mwaka 1874, kuanzisha umoja ambao baadaye uliitwa Umoja wa Posta Duniani. Tanzania ni mwanachama wake. Umoja huo ndio uliotunga fomu zinazotumika katika nchi zote: CN 22, ambayo ni kibandiko kidogo kwa vitu vya thamani ndogo, na CN 23, fomu kubwa zaidi, kwa vitu vya thamani ya juu na kwa vifurushi. Fomu hizo zinauliza mambo yale yale kila mahali: ni kitu gani, vingapi, uzito gani, thamani gani, kimetoka nchi gani, na kimepelekwa kwa sababu gani. Katika sehemu ya sababu pana visanduku vya kutia alama, na kimojawapo ni cha zawadi.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Wapelekaji wengi hudhani kwamba kutia alama kwenye kisanduku cha zawadi ni kuomba msamaha wa kodi. Dhana hiyo haikuzuka bure. Uingereza, zawadi kutoka nje yenye thamani isiyozidi pauni 39 husamehewa, na katika nchi za Umoja wa Ulaya kiwango cha zawadi baina ya watu binafsi ni yuro 45. Mtu aliyekaa Leicester au Copenhagen miaka ishirini amezoea hivyo, naye huona ni kawaida ya dunia nzima. Lakini kifurushi hutozwa kwa sheria ya nchi kinakokwenda, wala si ya kule kinakotoka. Kwa Tanzania sheria hiyo ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na kwa mujibu wake neno "zawadi" peke yake haliondoi ushuru. Linamweleza ofisa kwamba kitu hakikununuliwa na mpokeaji. Thamani ya kitu hubaki pale pale.

Sasa yafuatayo ni malipo yenyewe, nayo ni ya aina tatu, ingawa mara nyingi mpokeaji huyaona kwa jumla moja na kuyaita yote "ushuru".

Aina ya kwanza ni kodi za Serikali. Ndani yake mna ushuru wa forodha, ambao viwango vyake ni vya pamoja kwa nchi za Jumuiya tangu Umoja wa Forodha ulipoanza tarehe 1 Januari 2005. Vilikuwa vitatu: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Tangu Julai 2022 kimeongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, kwa bidhaa ambazo nchi wanachama zimeona zinaweza kutengenezwa hapa, zikiwemo nguo. Juu ya ushuru huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ambayo Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida kwa bidhaa zinazoingizwa ni asilimia 18. Zanzibar ina sheria yake ya VAT, ya mwaka 1998, na kiwango chake huamuliwa na Baraza la Wawakilishi. Kwa hivyo vifurushi viwili vilivyo sawa, kimoja cha Ngulyati na kimoja cha Mkoani, vinaweza kuwa na ushuru wa forodha mmoja na VAT tofauti. Aidha zipo tozo nyengine za asilimia ndogo ambazo hubadilika kwa sheria za fedha za kila mwaka, na ni vyema kuziuliza wakati wa kulipa.

Aina ya pili ni ada ya Posta ya kukiwasilisha kifurushi mbele ya Forodha, kukifungua na kukifunga tena. Ada hii inaruhusiwa na mkataba wa Umoja wa Posta Duniani na si kodi. Aina ya tatu ni malipo ya kuhifadhi, yanayohesabiwa pale kifurushi kinapochelewa kuchukuliwa baada ya mpokeaji kupewa taarifa. Hii ya tatu ndiyo pekee ambayo mpokeaji anaweza kuiepuka kabisa kwa juhudi yake mwenyewe.

Na irejewe hesabu ya kifurushi cha Ngulyati. Ichukuliwe kwamba nguo zile zilinunuliwa Maskati kwa bei inayolingana na shilingi 150,000, na vitabu kwa shilingi 60,000. Lau dada angeliandika kila kitu kwa bei yake na kutia risiti za maduka ndani ya boksi na nakala nje, hesabu ingelikuwa hivi. Vitabu havina ushuru wa forodha. Nguo zina asilimia 35, yaani shilingi 52,500. VAT hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya shilingi 202,500, na asilimia 18 ya hizo ni shilingi 36,450. Jumla ya kodi hizo mbili kwa nguo ni shilingi 88,950, ukiacha tozo ndogo na ada ya Posta. Si fedha kidogo kwa mshahara wa mwalimu, na hapana haja ya kusema vyenginevyo.

Lakini dada aliandika "hakuna". Ofisa wa forodha hawezi kukubali kwamba gauni jipya lenye kitambulisho cha duka halina thamani. Sheria inamtaka aanze na bei halisi iliyolipwa. Akikosa uthibitisho wake, huenda kwenye bei ya bidhaa ile ile iliyoingizwa na mtu mwengine, kisha bidhaa inayofanana nayo, na akikosa huko huendelea na njia nyengine zilizowekwa kwa utaratibu. Ikiwa kwa njia hiyo nguo zitakadiriwa shilingi 220,000, ushuru utakuwa shilingi 77,000, VAT juu ya shilingi 297,000 itakuwa shilingi 53,460, na jumla itafika shilingi 130,460. Mwalimu ameongezewa shilingi 41,510 kwa neno moja lililoandikwa kwa mapenzi. Ofisa hakudhulumu. Alinyimwa kipimo, akatumia kilichopo.

Pana jambo jengine katika hesabu hii ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwa faida ya mlipaji. Kwa kawaida thamani ya forodha hujumuisha bei, bima na nauli ya kufikisha mzigo. Lakini Jedwali la Nne la Sheria ya mwaka 2004 linasema kwamba kwa bidhaa zinazoingizwa kwa ndege, nauli haiongezwi katika thamani ya forodha. Vifurushi vingi vya posta kutoka mbali huja kwa ndege, na nauli yake mara nyengine hukaribia bei ya kitu chenyewe. Mpokeaji akiona kwamba ushuru wa forodha umekokotolewa juu ya bei pamoja na gharama za stempu, ana haki ya kuuliza, na aulize kwa heshima akitaja Jedwali hilo.

Ama kuhusu asilimia 35, wapo watakaosema ni nyingi mno kwa gauni moja la mke wa mwalimu. Hoja iliyotolewa na nchi za Jumuiya ni kulinda viwanda vya nguo na, nyuma yao, wakulima wa pamba. Hapa Ngulyati si jina tu katika mfano. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na jirani wa mwalimu yule, kwa uwezekano mkubwa, ni mkulima wa zao hilo. Kodi inayomuuma mwalimu imewekwa kwa jina la jirani yake. Iwapo inamfikia jirani huyo ni suala jengine, maana sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania ingali inauzwa nje ikiwa nyuzi, na gauni la bei ya mwalimu bado halishonwi Bariadi. Wenye kutunga sera wana deni la jawabu hapo. Wenye kulipa, kwa sasa, wana deni la ushuru.

Nguo kuukuu nazo zina kanuni yake. Tangu mwaka 2016 mitumba imekuwa ikihesabiwa kwa asilimia 35 au kwa dola 0.40 kwa kila kilo, ipi iliyo kubwa. Na nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa zimekatazwa na Shirika la Viwango Tanzania. Jamaa walioko ng'ambo wanaokusanya nguo za watoto wao waliokua na kuzipeleka nyumbani waelezwe hili mapema.

Lakini katika kifurushi cha mwalimu, nguo hazikuwa ndilo jambo zito. Jambo zito lilikuwa dawa na vijiti vya kupimia sukari. Dawa na vifaa vya tiba havipiti kwa ukaguzi wa Forodha peke yake. Kwa Tanzania Bara huangaliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kwa Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Wanachotaka kujua ni dawa gani, ya nani, kwa idhini ya daktari gani, kiasi gani, na tarehe ya kwisha muda wake. Kifurushi kilichoandikwa "zawadi" hakina jawabu hata moja kati ya hayo. Basi boksi zima husimama: nguo, vitabu na vyote, kwa sababu kitu kimoja ndani yake kinasubiri ruhusa. Mwalimu anapigiwa simu au anapelekewa taarifa katika sanduku la posta la Bariadi mjini, anaandika barua, anatafuta cheti cha daktari, siku zinakwenda. Ghala la mizigo la Dar es Salaam halina baridi ya duka la dawa. Vijiti vya kupimia sukari huharibika kwa joto na unyevu, na kijiti kilichoharibika hakitoi harufu wala hakibadiliki sura. Hutoa namba tu, namba ya uongo, na mgonjwa akapanga chakula chake na dawa yake kwa namba hiyo.

Kwa hivyo inashauriwa sana kwamba dawa zisichanganywe na vitu vyengine katika kifurushi kimoja. Zipelekwe peke yake, kwa kiasi cha mgonjwa mmoja, katika vifungio vyake vya asili, na cheti cha daktari chenye jina lile lile lililo katika anwani. Na kabla ya hapo ruhusa iombwe kwa mamlaka inayohusika, ili kifurushi kifike kikute karatasi inakisubiri. Mahali ambapo dawa hiyo hiyo inapatikana nchini, hata kwa bei kubwa kidogo, ni afadhali inunuliwe hapa na jamaa apeleke fedha.

Baadhi ya watu hutafuta njia ya mzunguko. Kifurushi hupelekwa Unguja kwa anwani ya mzee wa nyumba, kikatolewa huko, kisha kikavushwa kwa boti na kupakiwa basi la Mwanza au Bariadi. Ifahamike kwamba bidhaa iliyoingizwa Zanzibar kutoka nje na kuvushwa kwenda Bara hukaguliwa tena bandarini Dar es Salaam, na tofauti ya kodi, ikiwapo, hudaiwa. Jambo hili limekuwa miongoni mwa hoja za Muungano kwa miaka mingi na limejadiliwa katika vikao vya Serikali zote mbili. Anayevusha boksi la zawadi na abebe stakabadhi ya malipo ya kwanza. Bila ya hiyo hataweza kuthibitisha kwamba kitu chochote kililipiwa.

Wapo pia wanaoandika thamani ndogo kwa makusudi, si kwa kutojua. Sheria ya mwaka 2004 inahesabu tangazo la uongo kuwa ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola 10,000. Ni nadra jambo la boksi la nguo kufika huko. Hata hivyo upo hasara wa karibu zaidi: kifurushi kikipotea au kuvunjika, fidia ya Posta haivuki thamani iliyotangazwa. Aliyeandika dola tano hawezi kuja baadaye kudai dola mia mbili.

Haki za mlipaji ni hizi, nazo ziandikwe mahali panapoonekana katika ofisi za masheha na za watendaji wa kata. Anayo haki ya kuoneshwa makadirio kwa maandishi, yenye kutenganisha ushuru, VAT na tozo nyengine, mbali na ada za Posta. Anayo haki ya kulipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, ile inayojulikana kwa wengi kwa jina la kontroli namba, na kupata stakabadhi. Na kama hakuridhika na makadirio, anaweza kumwandikia Kamishna wa Forodha katika muda wa siku 30 tangu uamuzi, akiomba uangaliwe upya na kueleza sababu zake. Asiporidhika tena, vipo vyombo vya rufani za kodi. Barua hiyo haihitaji wakili. Inahitaji risiti ya duka, ndiyo maana risiti imetajwa mara nyingi katika maelezo haya.

Upo udanganyifu ambao umewapotezea watu wengi fedha zao katika Afrika Mashariki nzima. Mtu hujuana na mgeni katika mitandao ya simu. Mgeni husema amempelekea kifurushi chenye dhahabu, simu na fedha taslimu. Baada ya siku mbili hupiga mtu mwengine anayejiita ofisa wa forodha wa uwanja wa ndege, akitaka "ushuru" upelekwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Hakuna kifurushi. Dalili yake haifichiki: kodi ya Serikali hailipwi kwa jina la mtu, na kifurushi cha posta cha kweli kina namba ya usajili ya tarakimu tisa iliyotanguliwa na herufi mbili na kumalizwa na herufi mbili za nchi kilikotoka, namba ambayo Posta yoyote inaweza kuiangalia bure. Asiyepewa namba hiyo asilipe chochote. Watumishi wa Serikali ndio wanaoulizwa kwanza na majirani zao kuhusu mambo haya, kwa hivyo wanatakiwa wawe wa mwanzo kuyajua.

Kwa wanaopeleka vifurushi nje, hali nayo imebadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2021 nchi wanachama wa Umoja wa Posta Duniani zinatakiwa kutanguliza taarifa za bidhaa kwa njia ya kompyuta kabla kifurushi hakijaondoka. Fomu ya mkono tupu haitoshi. Tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya umefuta msamaha wa VAT kwa bidhaa ndogo zinazonunuliwa nje. Marekani, ambayo ilikuwa ikisamehe vifurushi vya chini ya dola 800, iliufuta msamaha huo kuanzia tarehe 29 Agosti 2025, na mashirika mengi ya posta duniani yalisimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya bidhaa vya kwenda huko. Anayetaka kumpelekea binti yake kanga na viungo Marekani aulize Posta kwanza, siku ile ile, kwa sababu jawabu la mwezi uliopita huenda si la leo.

Taasisi za Serikali zinazopokea vitabu, vipuri au vifaa vya maabara kutoka kwa wafadhili zikumbuke kwamba nazo hazipiti nje ya utaratibu huu. Msamaha, pale sheria inapouruhusu, huombwa kwa maandishi kabla ya mzigo kufika. Boksi la vitabu lililoandikwa jina la mkuu wa skuli badala ya jina la skuli ni mali ya mtu binafsi mbele ya Forodha, na skuli za vijijini zimekuwa zikipata taabu kwa kosa dogo kama hilo.

Mwisho ni anwani. Kwa kifurushi cha Ngulyati, jina kamili kama lilivyo katika kitambulisho, namba ya sanduku la posta, Bariadi, Simiyu, Tanzania, na namba ya simu yenye tarakimu za nchi, 255, mbele yake. Na katika fomu ya kifurushi cha kimataifa pana sehemu ambayo wapelekaji wengi huiacha wazi, inayouliza kifurushi kifanywe nini kisipochukuliwa: kirejeshwe mara moja, kirejeshwe baada ya siku kadhaa, au kihesabiwe kimetelekezwa. Kwa kawaida kifurushi husubiri siku 15 tangu mpokeaji apewe taarifa, na muda huo unaweza kurefushwa kwa maombi. Aliyetia alama ya kurejeshwa huenda akadaiwa nauli ya kurudi. Aliyetia alama ya kutelekezwa amekikabidhi kwa Serikali ya nchi kilikofika, dawa, vitabu na vyote, na mpokeaji atakayekuja siku ya ishirini na stakabadhi mkononi hatakuwa na cha kudai.